Saa Hasi Tatu

Likizo iliyopita, nyumbani Shanwe, nilimtengenezea mama programu ya simu ya kumwamsha kwa kumtajia saa kwa Kiswahili. Yeye huamka saa tisa usiku kukanda maandazi ya biashara. Hesabu yenyewe nyepesi: chukua saa ya simu, toa 6, gawanya kwa 12, shika baki. Chuoni niliijaribu kwa Python, ikakubali. Kwa ajili ya simu nikaiandika upya kwa Java.

Usiku ule simu ikakaa kimya. Saa tisa usiku simu inasoma 3. Toa 6, unapata -3. Python inakupa baki 9. Java, kwa alama ya %, inakurudishia -3, na mimi nilikuwa nimerekodi sauti za 1 hadi 12 tu. Mama kaamka jua limeshatoka. Mauzo ya siku ile ndiyo yalikuwa nauli yangu ya kurudi chuo.

Java haikukosea, ilichagua baki lake. Tena tangu toleo la 8, mwaka 2014, maktaba yake ina Math.floorMod, inayotoa 9. Sikuisoma.

Wenzangu, siku mkiunda moduli ya namba kamili, kila baki lipeni jina lake, na andikeni wazi namba hasi inaishia wapi.

Mama yeye alisema tu, "Mwanangu, mie jogoo ananitosha."