Kutoka Jericho Hata New York

Wasomaji wanaokaa upande wa mashariki wa Nairobi, yaani Kaloleni, Bahati, Makadara na Jericho, wamezoea ngurumo za ndege. Eastleigh ndiko zilikotua ndege kubwa za abiria mpaka mwaka 1958, kiwanja cha Embakasi kilipofunguliwa. Hapo Eastleigh aliposhuka Binti Mfalme Elizabeth tarehe 1 Februari, 1952, alikuwa amesafiri saa 19 hivi kutoka London, na njiani ndege ilitua El Adem, katika nchi ya Libya, kutia mafuta. Leo safari hiyo, maili 4,250, ni ya saa tisa tu pasipo kutua.

Lakini mama mmoja jirani yangu hakuja kuniuliza habari za London. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi New York. "Mwanangu," akasema, "wewe ni karani, umezoea hesabu. Huko ni mbali kiasi gani?"

Nikatwaa chungwa na uzi wa cherehani. Ramani ya ukutani hudanganya, kwa kuwa dunia ni mviringo. Ukipiga mstari juu ya karatasi utapita Nigeria. Bali ukivuta uzi juu ya chungwa utaona njia fupi hupanda kaskazini zaidi, ikakata jangwa la Sahara, ikapita juu ya Moroko, ndipo ikaingia bahari ya Atlantiki. Ni maili 7,350 hivi.

Wanafunzi 81 waliokwenda Marekani kwa ndege Septemba 1959 hawakuwa na njia ya moja kwa moja. Hiyo ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba, 2018: saa 15 kwenda, na 14 kurudi, kwani pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Kuondoka usiku kuna faida yake. Embakasi ni futi 5,300 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi. Ndege iliyojaa mafuta mengi namna hiyo huinuka kwa taabu. Baridi ya usiku huisaidia.

Mama akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza lile alilojia. "Nikifa, atawahi kunizika?"

Nilinyamaza kidogo, nikaifanya hesabu. Wakati wa kiangazi chao saa zetu huzitangulia zao kwa saba. Akiondoka kule saa sita mchana, atashuka Embakasi saa tatu asubuhi ya siku ya pili, na kabla ya adhuhuri amefika Jericho, ikiwa barabara haikufungana.

"Basi atawahi," akasema, akaanza kulimenya chungwa.

Jumamosi tutakwenda mjini pamoja kuuliza nauli ya kurudi, maana ya kwenda tu ndiyo aliyokwisha kuipata.