Toga, Okapi na Pudre



Sisi ni mafinalisti wa biolojia-kemia. Tumeomba ukurasa mmoja mu gazeti letu ili tueleze habari ya toga, kwa sababu maneno mengi yalisemwa uwanjani, na mengine hayakuwa ya kweli. Wengine walisema kwamba Mwalimu wetu wa biolojia alitunyima toga kwa wivu. Hapana, sivyo ilivyokuwa. Mtusikilize mpaka mwisho.

Neno lilianza mwezi wa pili. Siku hizi, hata watoto wadogo wa matenele wanavikwa toga siku ya kumaliza mwaka, na picha zao zinatundikwa ku ukuta nyumbani. Basi sisi tukasema: kama mtoto wa miaka 5 anavaa toga, sisi wa mwaka wa mwisho tutavaa nini? Tukatuma wenzetu wawili mjini kuuliza bei. Walirudi na jibu: kukodi toga moja na kofia yake kwa siku moja ni dola 10. Sisi tuko 34. Wengi walipiga mikono. Wachache walinyamaza. Na mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatutaandika hapa, alisema tu: «Mimi siku ile sitafika.»

Tulijua sababu, lakini hatukutaka kuijua. Mwenzetu huyo ni mtoto wa vijiji vya upande wa Beni. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014 watu wengi sana waliuawa katika vijiji hivyo, na wengine walikimbia na watoto ku mugongo. Yeye na mama yake na wadogo wake wanaishi hapa Butembo kwa baba yake mdogo. Anakuja masomoni kwa miguu, akiwa na kalamu moja. Na sisi tukaendelea kukusanya franka za toga.

Ndipo tukaenda kwa Mwalimu wa biolojia. Tulimwendea yeye kwa sababu mu mji huu wote hakuna mtu anayejua habari ya toga kumupita.

Inafaa tueleze kidogo maisha yake. Yeye alizaliwa karibu na Beni. Wakati wa ujana wake, hapa kwetu hapakuwa na chuo kikuu. Université Catholique du Graben hapa Butembo ilianza mwaka 1989, na Université Chrétienne Bilingue du Congo huko Beni ilianza mwaka 2007. Mbele ya hapo, mtoto wa Butembo ao wa Beni aliyetaka masomo ya juu alipaswa kwenda mbali, na wengi walikwenda Kisangani. Kule Waprotestanti walifungua Université Libre du Congo mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyuo vyote vikuu vya inchi kuwa kimoja, na mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Mwalimu wetu alisoma biolojia Kisangani. Wazazi wake hawakuwa na kitu. Ili apate chakula, jioni alifanya kazi kwa fundi mmoja wa kushona aliyetengeneza na kupiga pasi toga za maprofesa. Hapo alijifunza kila kitu: mikono mipana na mikono myembamba, mikunjo ya mabegani, na ule mkanda wa rangi unaoning'inia ku bega. Yeye alianza kuziandika mu daftari ginsi tunavyoandika majani na wadudu: umbo, rangi, ukubwa, pahali ilipoonekana. Daftari ile iko kwake hata leo. Wakati wa sherehe za vyuo, watu wanamwita: «Mwalimu, hii rangi ni ya sayansi ao ya sheria?» Yeye anaangalia mara moja tu, anajibu.

Basi tulidhani atafurahi. Tulimwambia: «Mwalimu, tunataka utusaidie kuchagua toga.» Yeye alinyamaza kidogo, halafu akasema: «Ni vizuri. Siku ya posho muje wote, mulete daftari. Tutafanya somo.»

Siku ya posho tulifika. Yeye aliandika ku ubao neno moja: OKAPI. Tukacheka. Yeye hakucheka.

«Batoto,» akasema, «munajua okapi ni nyama wa kwetu. Lakini munajua ginsi wazungu walimujua?»

Akatueleza. Mwaka 1900, Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa Serikali ya Uingereza kule Uganda, alivuka Semliki akafika Beni. Wakati ule wazungu waliita pahali pale Fort Mbeni. Alikuwa akiwarudisha kwao Wambuti ambao mzungu mmoja alikuwa amewateka ili akawaonyeshe kwa watu kule Ulaya. Wambuti walimwambia juu ya nyama mmoja wa pori kubwa. Johnston alifikiri ni namna ya punda milia. Alipoingia porini, wenyeji walimwonyesha nyayo: kwato zilizopasuka mbili. Yeye alikataa. Farasi na punda hawana kwato mbili, basi alidhani wanamdanganya. Wakati ule alikuwa amepata vipande viwili tu vya ngozi yenye mistari, vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda ya kuvaa. Akavituma London. Mwaka 1901 mwanasayansi Sclater aliviangalia akaandika jina: Equus johnstoni, ni kusema farasi wa Johnston. Halafu askari mkubwa mmoja wa Beni, Mswedi aliyeitwa Eriksson, alitoa ngozi nzima na mafuvu mawili. Mwaka ule ule Ray Lankester aliangalia mafuvu, akaona kwamba huyu si farasi hata kidogo: ni ndugu wa twiga. Ndiyo sababu leo tunaandika Okapia johnstoni.

«Sasa,» Mwalimu akauliza, «nani alikosa?»

Tukajibu: «Ni Johnston.»

«Alikosa wapi?»

Mmoja wetu akasema: «Aliamini mkanda, akakatala kwato.»

«Hapana "akakatala", sema "akakataa",» Mwalimu akasema, na hapo sote tukacheka, yeye vilevile. «Lakini umejibu vizuri. Mukanda ulikuwa wa kweli. Haukusema uongo. Lakini mukanda ni nguo. Ukitaka kujua nyama, utafute kichwa na miguu. Toga nayo ni hivyo.»

Kisha alifuta ubao, akachora toga, nzuri kabisa. Akatufundisha kwamba nguo hii ilitoka kwa wanafunzi na walimu wa zamani sana wa Paris, Bologna na Oxford, ambao wengi walikuwa watu wa kanisa. Haikuwa nguo ya sikukuu. Ilikuwa nguo ya kila siku, ndefu na nzito, kwa sababu vyumba vyao vilikuwa na baridi kuliko asubuhi ya Butembo. Rangi nazo ni mapatano ya watu tu. Ufaransa, nyekundu ni ya sheria na zambarau ni ya teolojia. Marekani walipatana mwaka 1895, nao wakafanya kinyume: zambarau ni ya sheria, nyekundu ni ya teolojia. «Mwanasheria wa Paris akifika Marekani na toga yake,» akasema, «watamuomba ahubiri!»

Tulikuwa tunafurahi. Ndipo alitueleza habari ya Dar es Salaam.

Tarehe 22 mwezi wa kumi mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka kwa Raisi. Walivaa majoho yao mekundu, ni kusema toga. Walikataa sheria ya kutumikia taifa kwa miaka 2, ambamo kwa sehemu kubwa ya wakati ule wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi yao. Raisi Nyerere aliwasikiliza, akakasirika sana. Aliwaambia kwamba mishahara ya wakubwa wote ni mikubwa mno, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Wengi walipokelewa tena mwaka uliofuata.

«Na huyo Nyerere,» Mwalimu akatuuliza, «munajua alikuwa anafundisha nini mbele ya siasa?»

Hatukujua.

«Biolojia. Alitoka Makerere, akafundisha kule Tabora. Halafu alikwenda Edinburgh, akapata digrii mwaka 1952. Toga alikuwa na haki ya kuivaa. Lakini mpaka kufa kwake watu walimwita Mwalimu. Sikusema kama wale wanafunzi walikosa kwa kila neno. Mukiwa wakubwa mutasoma na mutahukumu wenyewe. Nasema hivi: toga yao ilikuwa imelipwa na watu wa shamba, na ile siku watu wa shamba waliiona toga kwanza, hawakuona tena watoto wao.»

Chumba kilinyamaza. Ndipo aliuliza neno ambalo hatukulitazamia: «Ni wangapi hapa hawajamaliza kulipa franka za mtihani wa Serikali?»

Hakuna aliyeinua mkono. Alingoja. Tulisikia pikipiki za barabarani. Kisha mkono mmoja uliinuka, ule wa mwenzetu wa Beni. Halafu wa pili, wa tatu, wa ine. Wanne. Mmoja wao alikuwa kati ya wale waliopiga mikono sana kwa ajili ya toga.

Mwalimu hakusema kitu kingine juu ya hilo. Alichukua vitabu vyake akatoka, akatuachia chumba.

Tulibishana saa nzima, hatutaficha. Wenzetu 19 walikuwa wamekwisha kutoa, ni kusema dola 190 zilikuwa mikononi. Mmoja alisema: «Franka yangu ni ya toga, kila mtu na baba yake.» Mwingine alimjibu: «Baba ya yule mwenzetu aliuawa.» Dada mmoja alilia. Mama yake anauza unga wa muhogo sokoni, na alimwahidi mama kwamba atamwona mu toga. Tulimhurumia, kwa sababu neno lake halikuwa la majivuno. Ilikuwa ni deni kwa mama yake. Mwishoni tulipiga kura, na wengi walikubali. Deni la wale wanne lilikuwa dola 126. Tukalilipa kwa prefe, wote wanne, na prefe akaandika risiti ine.

Siku iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu kumwambia. Yule dada alimuuliza bila kuogopa: «Mwalimu, na wewe siku yako ulivaa toga ao hapana?»

Yeye alicheka. Akasema: «Niliivaa dakika tano.» Yeye na rafiki zake wawili walikuwa wameunganisha franka za kukodi toga moja. Wa kwanza alipoitwa aliingia nayo, akatokea mlango wa nyuma, akaivua, wa pili akaivaa. Mwalimu wetu alikuwa wa tatu, na toga ilimfikia ikiwa imelowa jasho la watu wawili. «Lakini diploma ilikuwa na jina langu peke yangu,» akasema.

Halafu alileta toga nyeusi kutoka chumbani. Aliinunua baadaye, kwa mshahara wa kufundisha. Kila mwanafunzi wake wa zamani anayemaliza chuo hapa Butembo ao Beni anakuja kuiazima bure, na akiirudisha anashona ndani, upande usioonekana, herufi za jina lake kwa uzi. Tulizihesabu: watu 17. Tulimwomba yule dada aivae kidogo tu, kwa picha. Mwalimu alikataa kabisa. «Bado,» akasema. «Wewe utaivaa siku yako, na mama yako atakuja. Ukiivaa leo, itakuwa mukanda bila okapi.»

Yule dada akauliza: «Basi sisi tutavaa nini siku ya matokeo?»

«Ninyi muko na pudre.»

Ni kweli, wandugu. Mu inchi yetu, mtoto anayepata diploma ya Serikali anamwagiwa pudre nyeupe ku kichwa na ku mabega, na njia nzima inajua. Mwalimu alisema kwamba alitafuta mu daftari yake yote na hakuona nguo ya masomo iliyo ya bei ndogo kuliko hiyo. Tena haiwezi kukodiwa mbele ya wakati. Mtoto wa tajiri na mtoto aliyekimbia vita, wakisimama pamoja na pudre, huwezi kuwatenganisha.

Basi hiyo ndiyo habari ya toga. Anayesema kwamba tulinyimwa, mwambieni asome ukurasa huu. Kwa zile dola 64 zilizobaki tutanunua biskuti na maji ya matunda kwa ajili ya wote 34. Pudre tumekwisha kununua. Makopo yamefungwa mu karatasi, na anayeyatunza ni yule mwenzetu aliyesema kwamba hatafika.

Mtuombee kwa mtihani.

Ni sisi, mafinalisti wa biolojia-kemia.