Uliza Kwanza, Kaza Nyuzi Baadaye

Ukiona kitu kizuri kinauzwa kwa bei ya kutupa, usikimbilie kutoa pesa. Mimi nilikimbilia, nusura nivuruge amani ya nyumba yangu.

Jumamosi moja nilipita kwenye duka la vitu vikuukuu hapa Nairobi, nikaona mandolini ikining'inia kati ya pasi za makaa na saa za ukutani. Mgongo wake ulikuwa wa duara kama nusu ya kibuyu, umeunganishwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Ndani mlikuwa na karatasi iliyofifia yenye neno Napoli, mji wa Italia ambako mandolini za namna hii zilianza kuundwa katika karne ya 18. Nikakumbuka taarabu za utotoni kwetu Mombasa, mandolini ikilia pamoja na udi na fidla. Muuzaji alitaka shilingi 6,000. Tukavutana hadi 4,500. Pesa hizo, nakiri, zilikuwa za sare ya shule ya binti yetu.

Mama watoto hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba watoto, na hiyo ataivaa?"

Ili nimwonyeshe kwamba sikupoteza pesa, nilifanya haraka. Mandolini ina nyuzi nane, mbili mbili kwa sauti moja, zikipangwa kama za fidla. Nilinunua nyuzi nene za gitaa, nikazifunga na kuzikaza. Sikujua kwamba nyuzi hizo kwa jumla huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50. Usiku tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjwa. Kulipokucha, uso wa mandolini ulikuwa umebonyea na mgongo umeachana. Binti yangu, aliyekuwa ameahidiwa kufunzwa, aliitazama akaondoka bila neno.

Desemba tulipokwenda kwetu, niliipeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale anayetengeneza udi. Aliigeuza mara mbili, akasema, "Mwanangu, chombo hiki kizee umekitwika mzigo wa kijana."

Nilikuwa nimebeba msasa ili niondoe vanishi iliyochakaa. Aliniamuru niurudishe mfukoni, kwani vanishi ya zamani ni sehemu ya thamani ya chombo na ikishakwanguliwa hairudi. Gundi aliyotumia ni ile ya ngozi ya mnyama, inayoyeyushwa kwa maji moto. Gundi hiyo ikipata joto na unyevu huachia, hivyo fundi wa kesho ataweza kufungua bila kupasua mbao. Aliuinua uso kidogo kidogo kutoka ndani, akabandika vijiti vya kuushikilia, akaufunga mgongo kwa kamba hadi ukakauka. Kazi ilichukua wiki tatu. Mwishowe akafunga nyuzi nyembamba kabisa.

Usidhani ni mandolini yangu tu iliyopata ajali. Mwanamuziki Bill Monroe wa Marekani alinunua mandolini aina ya Gibson, ya mwaka wa 1923, ikiwa tayari imetumika. Aliikuta katika kinyozi huko Florida. Mnamo 1985 mtu aliingia nyumbani kwake akaivunjavunja. Fundi wa kampuni iliyoiunda aliokota hata vibanzi, akaviunganisha kimoja kimoja, na Monroe akaendelea kuipiga.

Basi nawe ukipata mandolini kuukuu, ishike kama bunduki uitazame shingo kwa jicho moja: je, imepinda? Papasa uso chini ya nyuzi, uone kama umezama. Gonga mgongo polepole kwa kidole. Penye mlio wa kutetema, gundi imeachia. Zungusha funguo zote nane. Nyuzi zikiwa juu sana ya shingo, jua kuna gharama inayokusubiri. Zaidi ya yote, tafuta fundi kabla ya kutoa pesa, na hesabu malipo yake pamoja na bei ya muuzaji.

Sare niliilipia kwa kukosa chakula cha mchana miezi miwili. Binti yangu sasa hupiga mandolini jioni, na akimaliza hulegeza nyuzi kidogo kabla ya kuitundika. Sikumfunza mimi, alimsikiliza yule mzee kuliko nilivyomsikiliza.