Bunia: Kukata nywele au kuziacha zirefuke?

Msichana mmoja aliyekimbia vita Djugu, sasa anaishi kwa shangazi yake mjini Bunia, hakutaka mkasi uguse nywele zake ndefu za kujikunja. Alitoka kijijini bila nguo wala sufuria. Nywele alikuja nazo. Lakini ncha zimepasuka, na kila akichana zinakatika. Zikisokotana zinakula maji, na bidoni ya lita 20 ni ya nyumba nzima.

Msusi jirani alimweleza: nywele huota kwenye ngozi ya kichwa, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kukata ncha hakuziharakishi, ila kunazuia mpasuko usipande juu. Amekubali zipunguzwe upana wa kidole, kisha zisukwe. Ncha nzima haikatwi. Iliyopasuka, kidogo kinatosha.