Wodi Ambayo Pia ni Darasa

Mama yetu alilazwa siku 11 katika hospitali moja ya umma ya rufaa na mafunzo. Kila asubuhi daktari mkuu alikuja akifuatwa na wanafunzi sita au saba, wakakizunguka kitanda, kila mmoja na daftari lake. Tulichukizwa. Tulinong'onezana kwamba mzazi wetu amegeuzwa ubao wa kufundishia.

Usiku wa nne, pumzi zilipombana, aliyefika mbio alikuwa binti mmoja, daktari mwanagenzi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Glovu zilikuwa zimekwisha wodini. Alitoa mfukoni zile alizozinunua mwenyewe. Mama akapata nafuu, alhamdulillahi, nasi tukaona haya. Hadi leo Mama humwombea dua binti yule kila alfajiri, ingawa jina lake hatukulijua.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba hospitali ya namna hii hubeba mizigo miwili: humtibu mgonjwa wa leo na humlea daktari wa kesho. Fedha zinapopungua, mgonjwa hukosa dawa, na mwanafunzi naye huzoea kutibu kwa kubahatisha. Mazoea hayo atakwenda nayo Lamu, Kwale au Garissa, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga wodi ile.

Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi yetu haijalifikia lengo hilo. Tangu 2013 kaunti ndizo zinazoendesha hospitali nyingi za umma, ilhali serikali kuu ndiyo inayowapangia wanagenzi vituo vyao. Mwaka 2024 madaktari waligoma karibu miezi miwili, na malipo ya wanagenzi yalikuwa miongoni mwa madai yao.

Sisi watu wa Pwani tu wepesi wa kuchanga. Jirani akilemewa na bili, kapu hupitishwa baada ya swala ya Ijumaa. Sadaka hiyo ina thawabu zake, lakini haiwezi kuajiri wahadhiri, wala kununua mashine na kuitunza miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni kazi ya hazina ya umma, na mali ya umma ni amana. Basi kaunti inapotuita kutoa maoni kuhusu bajeti, viti vyetu visiwe vitupu.

Sisi wenyewe hatujawahi kwenda. Mwaka huu, inshallah, tutakwenda.