Mizani Niliyoikwepa

Miaka 19 niliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Kigali. Dereva wa njia ile anaogopa mizani kuliko anavyoogopa simba. Ukifika Vigwaza, ukafika Nyakahura, gari linapanda, uzito unasomwa, ukizidisha unalipa. Nilijua kila ekseli ya gari langu imebeba tani ngapi. Mwili wangu sikuwahi kuupandisha popote.

Nilivuta pakiti moja kwa siku kufukuza usingizi. Jioni, gari likishaegeshwa, bia tatu au nne na mishikaki. Alfajiri chai ya kuchemka, ile unayoifyonza kidogo kidogo ulimi usiungue. Yote hayo niliyaokota kwa kaka yangu, maana nilianza kazi nikiwa utingo wake.

Mwaka 2021 kaka alianza kusema ugali unamkwama kifuani. Tukasema ni vidonda vya tumbo. Miezi minne akawa ananunua vidonge duka la dawa. Ugali ukakataa, wali ukafuata, kisha uji. Siku moja akanipigia simu: "Mdogo wangu, leo hata maji yamegoma." Ndipo tukaenda hospitali. Kipimo cha kamera kikatoa jibu: saratani ya umio, na imeshaenea.

Mionzi alipigwa Kanombe, hapa hapa Kicukiro, Kigali, katika hospitali ya jeshi. Kabla ya 2019 mgonjwa kama yeye ilibidi apelekwe nje ya nchi. Tiba ile ilikuwa ya kumfungulia njia ya chakula tu. Ya kumponya ilikuwa imechelewa. Siku moja, nikimsubiri kwenye benchi, daktari alikaa nami akanieleza. Sigara peke yake huumiza umio, pombe peke yake vilevile. Vikikutana, hatari hazijumlishwi, zinazidishana. Akataja pia vinywaji vya moto kupita nyuzi 65, ambavyo mwaka 2016 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema yamkini navyo huchangia. Akasema ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini mwa Afrika, una saratani hii kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kisha akaniuliza, "Na wewe, mzee, unavuta?" Pakiti ilikuwa mfukoni mwangu.

Kaka alifariki baada ya miezi saba. Nitasema ukweli: usiku wa matanga nilivuta. Watu hudhani msiba unatosha kumbadilisha mtu. Kwangu hofu ilidumu wiki tatu, ikaisha.

Kilichonitoa ni kubadili barabara. Niliomba kazi ya kusambaza mizigo kutoka bandari kavu ya Masaka. Kipato kilipungua, lakini nikawa nalala kwangu. Sigara niliyoitumia kufukuza usingizi ikakosa kazi. Hata hivyo niliirudia mara mbili kabla ya kuiacha moja kwa moja mwaka 2023. Pombe ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilikuja na watu. Nilipoagiza maji, wenzangu wa baa waliniuliza kama nimeokoka. Nilicheka nao, kisha nikatafuta njia nyingine ya kurudia nyumbani.

Chai sasa naiacha ipoe, na mke wangu ananitania kuwa nimezeeka. Sahani yangu ni maharage, mboga ya dodo, kiazi kitamu na kipande cha parachichi, vitu vilivyokuwa sokoni miaka yote kwa bei ndogo kuliko mishikaki niliyoikimbilia. Jumapili za siku bila magari, mara mbili kwa mwezi, natembea na majirani kwenye lami niliyozoea kuiona kupitia kioo. Siku ya kwanza mlima wa Rebero ulinishinda nikiwa nusu ya njia. Leo nafika juu nikiongea.

Binti yangu amechanjwa shuleni dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ambayo Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Mzigo mwingine hupunguzwa kabla safari haijaanza.

Sisemi nimepona ugonjwa ambao sikuugua, wala sisemi hautanipata. Mtaani kwetu kuna mama asiyewahi kuonja sigara wala bia, na saratani ya titi ilimkuta. Mtu asimnyooshee mgonjwa kidole. Ila dereva anajua: lori lililozidisha uzito si lazima lipinduke, na lililopakiwa vizuri linaweza kupinduka. Hakuna anayetumia hilo kama sababu ya kuzidisha.

Wewe unayesoma, chakula kikianza kukukwama, usikae miezi minne na vidonge kama kaka yangu. Nenda upimwe. Na kama pakiti iko mfukoni, swali la daktari yule nakuachia wewe.