Vigoda vya Wazee wa Lokichar

Zamani hapa Lokichar, Turkana, mzee hakutoka nyumbani bila fimbo na ekicholong, kigoda chake cha mti. Chini ya mti wa wazee alikikalia akizungumza. Jua lilipowaka alijinyoosha, akakiweka shingoni, nywele zilizokandikwa udongo zisiguse mchanga. Akina mama walikuwa na elepit za kukamulia, zilizofukizwa moshi hadi maziwa yakanukia. Siku hizi ni kiti cha plastiki na mtungi wa plastiki.

Anayetaka kuviona vyombo vya zamani vikitunzwa hupanda gari la Kitale, apite Kainuk na Kapenguria. Makumbusho ya Kitale yalitokana na Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyeanzisha makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926, akikusanya hasa wadudu, ndege na vitabu. Alifariki mwaka 1966, akaiachia nchi mali hiyo; jumba likafunguliwa mwaka 1974, la kwanza mikoani huku bara. Humo vyombo vya Waturkana vimekaa jirani na vya Waluhya na Wajaluo. Nashukuru vipo. Lakini mtoto wa Lokichar atapata wapi nauli ya kwenda kutazama kigoda cha babu yake?

Mifupa nayo ilisafiri. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliokota kule Nariokotome, hapa Turkana, kipande cha fuvu, kidogo kama kibiriti; uchimbaji ukatoa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia inamwita Mvulana wa Turkana, naye amehifadhiwa Nairobi. Angalau visukuku vinavyopatikana siku hizi vina ghala Turkwel, karibu na Lodwar, katika taasisi aliyoianzisha Richard Leakey.

Vigoda havikupata ghala. Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, wageni walijaa mjini, na ekicholong za zamani, zilizong'azwa na mikono ya miaka mingi, zikanunuliwa kuwa zawadi. Nani wa kulaumiwa? Ng'ombe wamekufa kwa ukame, ada ya shule inadaiwa, na mnunuzi amesimama mlangoni na noti.

Wachongaji wachache bado wapo ng'ambo ya laga, mto wa msimu. Natamani tupate chumba kimoja hapa mjini, chenye paa na kufuli, na mtu wa kuandika: hiki kilichongwa na nani, kwa mti gani, kilikaliwa na nani. Wanaoweza kumjibu wamezeeka.